Baba Mkwe kwenye Kiti cha Muziki

Mume wangu ana masikio yanayosikia vitu ambavyo sisi wengine hatuvisikii. Akiniita sebuleni nisikilize wimbo, najua naenda kufanya mtihani. Ataucheza, atausimamisha katikati, atanitazama usoni, kisha ataniuliza, "Umesikia hapo?" Nikimwambia nimesikia ngoma, anatikisa kichwa kwa huruma. Nikimwambia sijasikia kitu, anatikisa vilevile. Jibu analolitaka ni hewa. Anasema kati ya ngoma na gitaa kuna hewa, na ukipiga muziki kwa simu hewa hiyo huipati. Mimi nimekulia Matongo, hewa tulikuwa nayo ya kutosha, sikujua kwamba siku moja mtu ataitafuta ndani ya spika.

Tunaishi Sirari, jirani na mpaka, na kazi yake ni kupitisha mizigo forodhani. Kutwa nzima yuko kwenye honi za malori na madereva wanaobishana kwa lugha nne. Nadhani ndiyo maana akirudi nyumbani anataka kusikia kitu kilichopangwa. Amplifaya yake na zile spika mbili za mbao nilizikuta nilipoolewa, kwa hiyo zile ndizo mke mkubwa, mimi nilikuja wa pili. Tulizoeana. Kisha mwaka jana akaanza habari za strima.

Strima ni kisanduku cha chuma chenye kioo mbele, hakizidi ukubwa wa Biblia ya madhabahuni. Kinavuta muziki kutoka mtandaoni na kuupeleka kwenye amplifaya. Nilimuuliza simu yake inashindwa nini kufanya kazi hiyo, akanieleza kwa upole anaoutumia kwa wateja wagumu, kwamba muziki wa kawaida umebanwa ili upite haraka, na huu wa strima unakuja mzima, na mifupa yake yote. Nikamkumbusha kwamba tumepakana ukuta kwa ukuta na mashine ya kusaga ya dizeli, inayoanza kunguruma watu wakimaliza kunywa chai na kunyamaza jua likienda kuzama. Muziki wenye mifupa utausikia saa ngapi, baba? Lakini sikio la kufa halisikii dawa. Kisanduku kilikuja.

Alikifunga siku ya Jumamosi, na siku hiyo hatukupokea wageni. Waya wa mtandao ulitobolewa njia ukutani kutoka kwenye ruta, maana waifai pekee, alisema, inatetemeka. Waya mwingine, mnene, ukatoka kwenye kisanduku kwenda kwenye amplifaya. Kikawashwa, kikaomba kujisasisha, umeme ukakatika. Ukarudi, kikaomba tena. Wakati huo mume wangu amepiga magoti mbele yake, na mimi nimeketi nakula karanga, namwambia nimeishi naye miaka yote hii na hajawahi kunipigia goti. Akasema nisimtoe kwenye hesabu.

Hesabu zenyewe zilikuwa za pembetatu. Alipima kwa futi ya fundi kutoka spika hadi spika, halafu kutoka kila spika hadi mahali pa kukaa, akabandika utepe sakafuni. Kwenye ncha ya ile pembetatu kikawekwa kiti kimoja, kile chenye mto, kiti changu cha kushonea. Pale tu ndipo muziki unakamilika, alisema. Ukisogea kushoto kidogo umeuharibu. Madirishani akaweka vipande vya godoro na mapazia mazito mawili mawili ili ile mashine ya kusaga isiingie. Ikawa sebule yangu ina giza mchana, na ukifunga mlango husikii la nje, na wa nje hasikii la ndani. Amplifaya ilikatazwa kuzimwa, eti inatakiwa ikae na joto. Halafu, kwa kunipoza, akaichukua simu yangu akaiunganisha na kisanduku kwa blututhi ili na mimi niwe napiga kwaya zangu. Nilimshukuru na nikasahau.

Haikupita muda baba yake akaja kukaa kwetu.

Mzee anaishi Genkuru, peke yake tangu mama mkwe alipofariki. Ana sukari, na mguuni alipata kidonda alichokificha ndani ya buti la mvua mpaka mwanawe alipokwenda kumtembelea na kunusa. Jirani yake pale Genkuru alikatwa mguu kwa kidonda cha namna hiyohiyo, na kilianza kidogo kuliko chake. Nesi wa hapa Sirari alikiangalia akasema mguu utapona, ila kwa masharti: kusafishwa na kufungwa upya kila baada ya siku mbili, chakula cha kupimwa, na asiukanyagie. Akirudi kwake kabla ya wakati, alituambia, atakuwa anafuata ng'ombe kwa mguu huo na utakatwa. Kwa hiyo ilikuwa hivyo tu, akae au mguu uende.

Sasa, kwa sisi Wakurya wa kizazi changu, mke na baba mkwe wake hawakai chumba kimoja. Hawapeani mikono, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Ni heshima, na ni nzito. Vijana wa siku hizi wanapiga picha na wakwe zao, mimi siwezi. Mzee alilala chumba cha uani chenye mlango wake, na mchana alikaa sebuleni. Na pa kuuinua ule mguu juu ya stuli palikuwa mahali pamoja tu, kwenye kiti chenye mto, kwenye ncha ya pembetatu. Akiwa pale, mimi sebuleni siingii. Nilikuwa nazunguka nyumba yangu kwa nyuma kutoka chumbani kwenda jikoni, na jiko letu liko nje, limeegemea ukuta wa mashine ya kusaga.

Watoto wako shule za bweni, mume wangu yuko forodhani, kwa hiyo mchana tulikuwa wawili na paka. Paka ndiye aliyebeba maneno yote. Nikifikisha chakula nyuma ya pazia la mlango, naweka sinia kwenye meza ndogo, narudi hatua kadhaa, nasema, "Paka, mwambie baba shikamoo, na uji upo." Kule ndani nasikia, "Paka, marahaba. Mwambie huyo mama uji wa jana ulikuwa mwepesi." Nami najibu, "Paka, nesi ndiye aliyesema uwe mwepesi." Halafu, "Paka, huyo nesi hana mume?" Tangu niolewe sikuwa nimewahi kuongea na mzee yule kwa wingi kiasi hicho, na nilianza kuzipenda zile asubuhi. Mzee ni mcheshi. Nilikuwa sijui.

Kitu kingine nilichojua juu yake ni bandeji. Mume wangu alikuwa ananiletea zilizotolewa, nazichoma nyuma ya choo. Mwanzo zilitoka njano na zina harufu ya kumfukuza fisi. Wiki zilivyokwenda zikawa na doa dogo tu jekundu, safi. Nilimfuatilia baba mkwe wangu kwa bandeji zake, na nilifurahi kwa kila moja.

Basi, asubuhi moja niko jikoni naosha dagaa, mashine ya kusaga inanguruma kama kawaida, simu ikawaka. Ujumbe wa sauti kutoka kwa dada yangu. Dada ameolewa Isebania, ng'ambo ya mpaka, na mdomo wake hauna breki. Anapenda kuongea sana na anapenda kuongea kwa kunichokoza, tangu tukiwa wadogo. Nikabonyeza. Kimya. Nikaona ile mistari ya sauti inatembea lakini sauti hakuna. Nikadhani ni ile mashine, nikaongeza sauti. Kimya. Nikaongeza mpaka mwisho, nikabandika simu sikioni, nikaanza upya. Hola. Nikapangusa simu kwa khanga, nikaipigapiga pajani, nikaanza upya tena. Mwishowe nikasema simu imeingia maji ya dagaa, nikaiweka juani.

Saa saba mume wangu akaja kula. Kabla hajanawa mikono alinifuata jikoni, uso umemshuka. Baba yake amefunga mkoba. Anataka arudishwe Genkuru leo hii.

"Kasema nini?"

"Anasema ng'ombe. Ng'ombe wana mchungaji, nimemwambia. Anasema ng'ombe hawamwamini yule mchungaji."

"Na mguu?"

"Anasema mguu ni wake." Akakaa kwenye kigoda, akashika kichwa. Alijaribu kila namna, akamkumbusha na habari za jirani yake. Mzee alimsikiliza, kisha akamwomba amvutie mkoba karibu. Mume wangu akakubali kwamba saa kumi atarudi na gari la ofisi ampeleke, maana akikataa atapanda bodaboda mwenyewe, na bodaboda mpaka Genkuru kwa mguu ule ni kuumaliza. Nilimwona anataka kulia. Kisha, kwa kuwa Mungu alimuumba hivyo, akakumbuka jambo lingine na uso ukachangamka kidogo.

"Ila wewe umeanza kuipenda mashine. Nimekuta jina la simu yako kwenye kioo cha strima. Na sauti umeweka mpaka juu kabisa."

Hapo nikaelewa ule ujumbe wa asubuhi ulikwenda kulia wapi. Nikamwambia ndiyo, nilijaribu kwaya. Akasema amefurahi, akaenda.

Alipotoka nilizima ile blututhi, nikaingia stoo na simu, nikafunga mlango, nikabonyeza ule ujumbe. Safari hii ulisikika. Jamani. Dada yangu alikuwa katika ubora wake, kwa Kikurya cha nyumbani kwetu kisichobakiza kitu. Huyo mzee anaondoka lini, au ameshanunua kiwanja hapo? Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, sasa wa kwako hata jembe hawezi kulishika. Amekalia kiti chako, anamaliza birika la chai, na wewe unazunguka nyumba yako kwa nyuma kama mwizi wa kuku. Mwambie mumeo amrudishe kwao, kidonda cha sukari hakiponi, labda kama mnataka kuchimba kaburi katikati ya mchicha wako. Halafu akacheka, akauliza bei ya vitenge.

Ndivyo alivyoongea, na ukimjua ungecheka naye. Mzee hamjui. Mzee aliketi pale kwenye ncha ya pembetatu, sauti imejaa mpaka mwisho, na akaisikiliza mara tatu. Kuinuka haraka hawezi. Kugusa vitufe ameonywa na mwanawe. Kuja jikoni kwa mke wa mwanawe na kusema, "Mama, zima," ni kitu ambacho angekufa kwanza. Kuita asingesikika. Alikaa tu akasikia kaburi lake linachimbwa kwenye mchicha, halafu upya, halafu upya. Na mchana mwanawe alipomuuliza sababu, akataja ng'ombe, ili mimi nisiingie matatani na mume wangu. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

Nilikaa juu ya gunia la mahindi nikafikiri. Kumtuma mume wangu akaeleze, nitamwambia dada yangu kasema nini? Watakosana mpaka wajukuu. Paka? Kwa maneno kama haya paka hafai, ningeyasema nyuma ya pazia kwa kupaza sauti juu ya ile mashine, na majirani wote wanaosubiri unga wangesikia. Kuingia sebuleni kwa miguu yangu nikasimama mbele yake, hapana. Ningemwongezea aibu juu ya aibu. Na saa kumi gari linakuja, na likija mguu umekwenda. Nilikuwa na hasira na dada, na ile mashine, na mila, na mume wangu na hewa yake.

Kisha nikaitazama simu. Nikasema, haya, kama dada yangu ameingia sebuleni bila miguu, na mimi nitaingia hivyohivyo. Hakuna mzee aliyewahi kutunga mwiko juu ya strima.

Stoo ndiyo ilikuwa mahali pekee penye utulivu kidogo. Nilijikunyata katikati ya magunia, nikajifunika blanketi kichwani ili ile kelele isiingie, nikajirekodi. Ya kwanza nilikohoa nikaifuta. Ya pili nilianza na "Paka," nikaifuta pia. Ya tatu nilisema hivi, kwa Kikurya, na kwa Kiswahili ni kama ifuatavyo, ila Tata, yaani baba, nimeliacha lilivyo:

"Tata, shikamoo. Ni mimi, mke wa mwanao. Uliyemsikia asubuhi ni dada yangu, na huko alikoolewa wamechoka naye pia. Yale ni yake, si yangu. Mimi sijakuchoka. Nilipokuja kwenu nikiwa msichana sikujua kukamua, ng'ombe akanipiga teke mbele za watu, nikasikia umewaambia wote kule nje kwamba yule ng'ombe ana wazimu. Hakuwa na wazimu. Sijawahi kukushukuru kwa sababu sikuwa na pa kusemea. Mguu wako unapona. Unaweza usiniamini, lakini mimi ndiye ninayechoma bandeji, nimeziona zote tangu ya kwanza. Ya juzi haikuwa na usaha hata kidogo. Zimebaki chache, Tata. Kiti ni chako, chai ni yako. Usiende. Mama hayupo kule wa kukufunga kidonda, na mimi nitalala vipi nikijua umeondoka kwa maneno yaliyotoka kwenye simu yangu."

Nikarudi jikoni, nikawasha blututhi, nikaona jina la kisanduku. Nikabonyeza.

Sikusikia kitu, bila shaka. Nilitazama ile mistari ikitembea. Sikujua kama sauti ni kubwa au ndogo, kama yuko kitini au ameshakwenda chumbani kwake, kama anasikiliza au ameziba masikio. Ujumbe ukaisha. Nikangoja. Dirishani kuna godoro, mlango umefungwa. Nilimenya viazi ambavyo hakuna aliyeviomba. Nikavikatakata, nikaviweka kwenye maji, nikamenya vingine.

Saa kumi gari likaingia. Mume wangu akapita sebuleni moja kwa moja, mlango akauacha wazi. Mimi nikaja kwa nyuma mpaka kwenye pazia la mlango, nikasimama pale na sinia tupu ili nionekane nina kazi.

"Tata, twende?"

Mzee akasema, "Hii mashine yako ni nzuri."

Nilimsikia mume wangu anaweka funguo mezani. Alinunua kisanduku kile, akatoboa ukuta, akaziba madirisha, akabandika utepe, na tangu hapo hakuna binadamu hata mmoja aliyewahi kumwambia maneno hayo. "Ulikuwa unaisikiliza?"

"Niliisikiliza."

"Ukasikia nini?"

"Nilisikia mtu ameketi hapo." Nadhani alionyesha kwa fimbo, maana nilisikia ikigonga sakafu. "Hapo, mbele yangu. Mpaka pumzi yake. Nilijua anapovuta pumzi na anapotaka kulia."

"Pumzi," alisema mume wangu, sauti imempasuka. "Tata, hiyo pumzi ndiyo hewa ninayowaambia watu hapa hawanielewi."

"Mimi nimeelewa. Rudisha huo mkoba chumbani. Kesho ni siku ya nesi."

Mume wangu alipita kwenye pazia mbio kuniletea habari, akanikuta na sinia yangu, nalia waziwazi, bila hata kujificha. Sijawahi kuketi mbele ya baba mkwe wangu, na sitaketi, na siku hiyo alisema mbele ya mwanawe kwamba niliketi.

"Umesikia alichosema?" Alinishika mabega, na yeye macho yamelowa. "Na wewe unalia. Kwa hiyo siku zote ulikuwa unaisikia, ulikuwa unanificha tu."

Nikamwambia ndiyo, nilikuwa naisikia.